Bafu Langu Halina Paa

Mimi na teknolojia hatujawahi kuelewana, na mwenye kosa simjui. Mita ya umeme inalia usiku wa manane, anayeamka ni mimi. Simu inaniambia salio halitoshi hata sijafikiria nimpigie nani. Redio ya nyumbani inashika stesheni za Uganda safi kabisa, za kwetu inakoroma. Yote hayo nimeyameza. Lakini hili la kuonwa kutoka juu, ndugu yangu, limenikaa kooni. Hebu sogea kidogo hapo kwenye benchi nikueleze mwenyewe, maana najua umeshalisikia kwa watu, na watu wameliharibu.

Kwanza ulijue bafu. Watu wa Ijumbi siku hizi wanasema bafu, bafu, na wengi hawajawahi hata kulifikia kwa miguu. Liko nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, migomba imelizunguka. Chini kuna mawe bapa manne. Moja linacheza, ukilikanyaga vibaya linakurushia maji machafu mpaka gotini, unaanza kuoga upya. Kuta ni mabanzi ya mkaratusi niliyouziwa na fundi kwa bei ya kishkaji. Mlango ni gunia la kahawa, la katani, maandishi bado yanasomeka. Kulia kuna msumari wa taulo. Kushoto kuna jiwe la kusugulia visigino, lilikuwa la marehemu baba, na ndilo urithi pekee ambao ndugu zangu hawakuugombea.

Paa hakuna. Paa la nini? Mtu unaoga, unakauka na jua. Mvua ikinyesha unasuuzwa bure. Babu alioga hivyo, baba akaoga hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Kunguru alipita juu, akaona aliyoyaona, akaenda zake.

Tukaishi vizuri hivyo mpaka jirani akamwoza binti yake.

Sasa sisi Wahaya tunajijua. Harusi ya kwetu lazima watu washuke kutoka Dar, kutoka Mwanza, na mmoja atoke nje ya nchi aje kutusemesha Kiingereza kwenye kipaza sauti. Kamati ikaundwa. Bajeti ikasomwa. Vinywaji, mapambo, keki, gari la maharusi, halafu nikasikia: video na droni. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, droni ndiyo nini? Wakacheka. Wakaniambia, mzee, inapiga picha kutoka juu. Nikauliza tena, juu kuna nini cha kupiga picha? Harusi si iko chini? Wakacheka zaidi, swali langu halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Wakahamia kwenye michango ya vyakula. Kila jirani mikungu mitatu. Hapo ndipo nikasema lile neno. Nikasema, waitu, mnyauko umenimaliza.

Usinitazame hivyo. Mnyauko ni ugonjwa wa kweli, umeingia mkoani kwetu mwaka 2006, na ukitajwa huku kwetu Muleba watu wanavua kofia. Ndizi zinaiva hazijakomaa, ukikata shina linatoa utomvu wa njano, mgomba unanyauka umesimama. Dawa hakuna. Unang'oa, unafukia, unalia. Kwa hiyo mtu akisema mnyauko hakuna anayembishia, ni sawa na kusema una msiba. Kamati nzima ilinipa pole. Mama mmoja akaniahidi kuniletea machipukizi safi. Nikashukuru kwa sauti ya mgonjwa.

Migomba yangu ya mbele ya nyumba, inayoonekana barabarani, kweli ilikuwa taabani. Ya nyuma, karibu na bafu, hiyo sasa ni habari nyingine. Inakunywa maji ya kuogea. Na nani anafika nyuma ya nyumba ya mtu bila kuitwa?

Siku ya harusi kijana wa droni akafika. Begi mgongoni, miwani myeusi, kofia kaigeuzia kisogoni. Adabu anayo, nisimsingizie. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba. Hata nikamwonyesha kivuli kizuri cha kukaa. Kivuli cha mparachichi wangu mwenyewe! Nikamwachia hapo na soda yake, nikaenda kujiandaa maana sherehe ilikuwa inakaribia.

Niko katikati ya sabuni. Kichwa kizima povu. Nasikia ngiiiii. Nikajua nyuki.

Mpwa wangu, huyu anayesoma sheria, alikuja kunieleza baadaye kwamba sauti ile hata tembo inamchanganya. Kule karibu na Tarangire na Serengeti askari wa wanyamapori wamejaribu droni kuwafukuza tembo mashambani, na watafiti wakaandika habari zake mwaka 2017. Tembo akisikia anaondoka, na wengine wanadhani ni kwa sababu inalia mlio wa nyuki. Tembo mzima! Ana tani zake, ana pembe zake, anakunja mkia na kukimbia. Mimi je? Mimi nilisimama. Nikafuta povu jicho moja. Nikatazama juu. Lidude jeupe, dogo, limetulia hewani juu ya mabanzi, linanitazama kwa jicho moja na mimi nalitazama kwa jicho moja.

Nikalipungia mkono.

Usiniulize kwa nini. Tulipokuwa watoto, ndege ikipita tulikimbia uwanjani kuipungia. Mkono ulinyanyuka wenyewe. Ule wenye dodoki.

Harusi ikapita salama. Tukala, na mimi nikala, ndizi za watu wengine. Sikumwambia mtu. Nikajipa moyo kwamba lile lidude lilikuwa linapita tu kuelekea kwenye mambo ya maana.

Baada ya siku kadhaa tukaitwa kwa jirani kuangalia video. Televisheni imetolewa nje, imewekwa juu ya meza yenye kitambaa, watoto chini, wazee kwenye viti. Video inaanza na muziki wa kinanda. Maandishi ya dhahabu. Halafu milima yetu, jamani, milima ya Ijumbi kutoka juu! Migomba kijani mpaka macho yanauma. Barabara nyekundu imepinda. Watu wakasema aaah. Na mimi nikasema aaah, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Kamera ikashuka polepole. Bati lenye kutu, limekandamizwa kwa mawe. Nikawaza, masikini, nyumba ya nani hii?

Aliyehariri alikuwa ameweka mwendo wa taratibu. Kwa hiyo mkono wangu ulinyanyuka taratibu. Dodoki likapita usoni taratibu. Povu likadondoka, tone moja moja, na kinanda kikapanda juu kabisa.

Watu walicheka, ndugu yangu. Mzee mmoja alianguka na kiti. Watoto wakadai irudiwe, ikarudishwa. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, na mpaka leo anasema alikuwa analia.

Halafu kicheko kikakatika ghafla. Kule nyuma yangu kwenye ile picha, kulia na kushoto kwa bafu, kulikuwa na ndizi. Mikungu imeinama, imenona, mingine nimeiwekea nguzo isianguke. Yule mama wa machipukizi akasogea karibu na televisheni. Akaanza kuhesabu kwa kidole, kwa sauti. Mmoja. Miwili. Alipofika saba akageuka kunitazama. Hakusema kitu. Hakuna aliyesema kitu. Kinanda tu kilikuwa kinaendelea.

Uchi wangu walinisamehe palepale. Ndizi hawajanisamehe mpaka leo hii ninapozungumza na wewe.

Nikaamua kwenda kwenye sheria. Nikampigia mpwa. "Mjomba," akasema, "hapo una kesi." Nilivyofurahi! Akaniambia kuna Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake, maskani yake, mpaka mawasiliano yake. Na kwamba haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984. Tangu 1984! Miaka yote hiyo nimeoga nikiwa na haki na sikujua. Ningeoga kwa kujiamini zaidi.

"Bafu ni maskani?" nikamuuliza.

"Ni sehemu ya maskani, mjomba."

"Hata lisilo na paa?"

Akanyamaza. Nilisikia kabisa anavyonyamaza, na dakika zilikuwa zangu.

Akahamia kwenye sheria nyingine, mpya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa 2022, ikaanza kazi tarehe 1 Mei 2023. Ina Tume yake kabisa, Rais Samia aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Ukichukuliwa taarifa zako ovyo unapeleka malalamiko huko. Nikamwambia mimi hawajanichukulia taarifa, wamenichukulia picha nikiwa uchi. Akasema picha nayo ni taarifa, ilimradi mtu akiiona atajua ni wewe. Nikamwambia uso ulikuwa umejaa povu. "Sasa walikutambuaje?" Nikamwambia walinitambua kwa kiwiliwili. Kuna namna ninavyosimama, tumbo linatangulia kidogo. Akasema basi hiyo ndiyo taarifa binafsi yenyewe. Kumbe tumbo langu lina sheria.

Halafu droni yenyewe, akasema, hairushwi hivihivi tu. TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ina kanuni zake za ndege zisizo na rubani za mwaka 2018. Unaisajili, unaomba kibali, na Wizara ya Ulinzi lazima nayo iseme ndiyo. Jeshi, unasikia? Mimi niko na dodoki, kumbe ni suala la ulinzi na usalama.

Nikamvizia yule kijana sokoni. Nikamuuliza kwa upole, mwanangu, una kibali? Akashangaa. "Hii ya kwangu ya kujifurahisha tu, mzee. Haifiki hata gramu 250." Nikarudi kwa mpwa na hizo gramu. Akacheka. Akaniambia hizo ni habari za Marekani, huko ndiko droni ndogo ya kujifurahisha isiyofika uzito huo husamehewa usajili. Watu wanaangalia video za Wamarekani, wanarudi Muleba na sheria za Wamarekani. Kwetu usiulize mizani, uliza TCAA.

Nikasema basi nitumie ushahidi, tuanze. Nikaitafuta ile video kwenye simu nimpelekee. Kidole kiko juu ya kitufe, kanipigia mbio. "Usitume mjomba!" Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inakataza kusambaza picha chafu. "Lakini mchafu mwenyewe ni mimi," nikamwambia, "na nilikuwa naoga!" Akasema sheria haina utani, tuwe waangalifu. Sasa hebu nielewe. Wamenipiga picha bila kuniuliza, kijiji kizima kimeniona mara mbili kwa mwendo wa taratibu, na anayeweza kufungwa ni mimi?

Huyu mtoto anasoma sana, tatizo ndilo hilo. Kila nikikata tamaa ananiletea mzungu. Akanipa habari za mfugaji mmoja wa kuku huko North Carolina, jina lake Thomas Lee Causby. Wakati wa vita kuu ya pili ndege za jeshi zilikuwa zinatua uwanja wa jirani, zinapita futi 67 tu juu ya nyumba yake. Kuku wakapagawa. Wakawa wanaruka na kujibamiza ukutani. Walikufa kama 150. Akaishitaki serikali, na mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa haki. Nikasimama! Mimi nina kuku, na mtetea wangu mmoja hajataga tangu harusi ile! Nikawa nimeshapiga hesabu ya fidia ya mayai.

"Subiri mjomba," akasema. Kumbe majaji walisema na jingine. Zamani ilisemwa mwenye ardhi ni mwenye anga yote mpaka mbinguni. Majaji wakaifuta hiyo, wakasema dunia ya ndege haiwezi kwenda hivyo. Anga yako ni angalau ile unayoweza kuitumia.

Sasa mimi anga ninaitumia kiasi gani? Niliwaza usiku kucha. Kuna mparachichi, nao mara ya mwisho kuupanda niliteremshwa na vijana. Kuna moshi wa jikoni. Kuna sauti ya mke wangu, hiyo inafika mbali kuliko vyote. Na ardhi yenyewe, mpwa kanikumbusha bila huruma, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, mimi nina haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo chini ni kwa umma, juu ni kwa ndege. Mimi niko katikati, nimeshika dodoki.

Uingereza nako kulikuwa na lodi, Lodi Bernstein, mtu mzito. Kampuni ikapiga picha jumba lake kutoka kwenye ndege, halafu ikaja kumuuzia hiyohiyo picha. Akaenda mahakamani. Mwaka 1977 akashindwa. Jaji akasema ndege kupita juu kule siyo kuvamia ardhi ya mtu, ingawa alisema kama wangekuwa wanamchungulia nyumbani kila saa ingekuwa habari nyingine. Lodi mzima, ana jumba, ana mawakili wa wigi. Mimi na gunia langu la kahawa?

Kitu kimoja tu katika yote hayo ndicho kilinipa raha. Kentucky, Marekani, mwaka 2015, baba mmoja aliona droni inazunguka juu ya nyumba yake, binti zake wako uani. Akachukua bunduki, akaitungua. Wakamkamata. Hakimu akamfutia mashtaka! Sikungoja mpwa amalize. Bunduki sina, nikachukua manati ya mtoto. Jioni nikasikia ngiiiii. Nikalenga. Jiwe lilikwenda juu vizuri tu, tatizo lilikuwa kwenye kurudi. Lilitua kwenye bati langu mwenyewe, likatoboa, na ngiiiii ilikuwa ni pikipiki inapandisha kilima. Tundu lenyewe liko juu ya kitanda, upande wangu.

Nikaenda kwa wakubwa wa kitongoji kwa miguu yangu, kwa heshima, nimevaa koti. Nikaeleza. Wakanisikiliza. Wakaomba waone hicho ninacholalamikia. Simu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja alikuwa hajaiona, alikuwa safari. Akaita wengine wawili ambao nao hawajaiona. Wakaikuza. Nikadhani wananikuza mimi. "Hii aina gani ya ndizi? Mbona imezaa hivi?" Malalamiko yangu hayajapangiwa tarehe. Ila mikungu miwili imekwisha kuombwa kwa ajili ya ukarabati wa darasa, na safari hii sikuwa na ugonjwa wa kuutaja.

Mpwa anasema mambo kama haya yaliwahi kumpata hata mwimbaji Barbra Streisand. Mwaka 2003 alimshitaki mtu aliyepiga picha pwani ya California kutoka kwenye helikopta, nyumba yake ikiwemo. Kabla ya kesi picha ile ilikuwa imepakuliwa mara sita tu, na mbili kati ya hizo ni mawakili wake mwenyewe. Kesi ilipotangazwa, ndani ya mwezi mmoja ikatazamwa na watu zaidi ya laki nne. Angalau yeye alikuwa na bwawa la kuogelea. Mimi wamekuja kutazama beseni lenye ufa.

Nisikilize sasa, maana watu wananiita adui wa maendeleo. Mimi sikatai droni. Hapo ng'ambo tu, Rwanda, tangu 2016 zinapeleka damu hospitalini, zinaidondosha na mwavuli wake, mama anapona. Ziwa hilihili letu, mwaka 2018 walijaribu kurusha dawa kutoka Mwanza mpaka Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Unguja na Pemba walipiga ramani ya visiwa vizima. Hayo ni mambo. Mimi ya kwetu imeleta nini? Imeniletea jina. Watoto wa shule wananiita Bwana Povu.

Na usiniambie kwamba kijijini hakuna siri. Najua hakuna. Jirani anajua nimekula nini kwa harufu tu. Lakini mtu wa kijijini akitaka kufika nyuma ya nyumba yako, anakohoa. Anasema hodi. Mbwa anabweka, wewe unapata nafasi ya kuvuta gunia, kuvuta taulo, na ikibidi kufunika mkungu kwa majani. Akichungulia bila hodi unamfahamu, unamfahamu na mama yake, unakwenda kushitaki kwa bibi yake na faini inalipwa kwa rubisi. Huyu wa droni alikuwa amekaa chini ya mparachichi wangu, anakunywa soda, mguu juu ya mguu. Nilimpita nikiwa na beseni. Alinisalimia! Angeniambia tu, mzee, narusha kitu. Ningeoga usiku.

Sheria zote alizonisomea mpwa, nilivyozielewa mimi ambaye sizielewi, nyingi zinauliza droni ni ya nani na kibali kiko wapi. Nzuri. Lakini pale kwenye mawe manne mwenye kibali na asiye na kibali wote wangeniona kiasi kilekile.

Nikaamua nijenge paa, yaishe. Nikanunua bati moja, kuukuu. Fundi akaja, akalitazama bafu, akalizunguka, akasema, "Mzee, hili ndilo lile la kwenye video?" Akaomba apige picha kwanza kabla ya kuharibu mandhari.

Halafu mke wangu akanikataza. Unajua kwa nini? Binti yetu sendofu yake ni Desemba. Kamati imekaa sebuleni kwangu, mke wangu ndiye mwenyekiti, mimi nimepewa kazi ya kuleta viti. Bajeti inasomwa: vinywaji, mapambo, keki, video na droni. Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyeuona. Kumbe wameshamalizana na yule kijana. Atatupunguzia bei nusu, kwa sharti moja: aruhusiwe kukitumia kile kipande changu kwenye tangazo lake la biashara. Na bafu libaki vilevile, paa lisiwekwe kwanza, maana wateja wanaliulizia.

"Haiwezekani!" nikasema. "Kuna sheria! Kuna ibara!" Nikamwita mpwa mbele ya kamati. Nilimwita kwa majigambo. Akasimama, akasafisha koo, akasema ni kweli kabisa, picha ya mtu haitumiwi kibiashara bila ridhaa yake, na ridhaa anaitoa mhusika mwenyewe kwa hiari yake. Nikapiga makofi peke yangu.

"Mhusika si huyu hapa?" mke wangu akasema. "Baba watoto, saini."

Karatasi ilikuwa imeshaandikwa. Mwandiko wa mpwa. Nikamtazama, akatazama dari, akaliona lile tundu. Nikasaini, kwa hiari yangu, watu kumi na wawili wakinitazama.

"Na wewe mwanasheria," nikamuuliza, "kuandika hii karatasi unadai kiasi gani?"

"Aah, mjomba, wewe ni ndugu. Mkungu mmoja tu."

"Waitu, ningekupa, ila mnyauko…"

Mke wangu akachukua simu, akaifungua ile video, akaisimamisha, akaikuza kwa vidole viwili. Akamsogezea mpwa.

"Chagua," akamwambia.